Sentensi zinazoanza na -ing: nani anayetenda?

"Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni afisa wa nyanjani wa shirika moja la wakulima hapa Vihiga. Kila wiki naandika ripoti kwa Kiingereza na kuituma kwa meneja wetu aliye Kisumu. Juzi alinirudishia moja ikiwa imejaa wino mwekundu. Alipigia mstari 'Arriving at Luanda, the road was flooded' na pia 'Having been sprayed with the wrong chemical, the farmer lost all his tomatoes', na kando akaandika neno moja tu: 'dangling'. Rafiki yangu ofisini ananiambia nisianze tena sentensi na -ing, eti ni makosa. Lakini shuleni tulifunzwa kwamba sentensi za aina hiyo ndizo zinazoonyesha mtu amekomaa katika Kiingereza. Mwingine anasema hayo ni mambo ya mtindo tu, mradi ujumbe umefika. Mimi nikizigeuza kwa Kiswahili kichwani naziona ziko sawa kabisa. Kosa liko wapi? Niziache au niendelee nazo? Na je, 'Being that the rains delayed' ni Kiingereza sahihi? Nimezoea sana kuiandika. Mwezi ujao nina usaili wenye mtihani wa kuandika."

Umeuliza maswali kadhaa kwa pamoja, na lile zito zaidi umelitaja kana kwamba ni dogo: kwamba ukizigeuza sentensi hizo kwa Kiswahili zinakaa sawa. Ni kweli zinakaa sawa, na tatizo limezaliwa hapo hapo. Nitaanza na hilo, maana ukilielewa, mengine mengi yatajieleza.

Sema sentensi yako ya kwanza kwa Kiswahili: "Nilipofika Luanda, barabara ilikuwa imejaa maji." Hakuna atakayeuliza nani alifika. Silabi ya kwanza, ni-, imeshamtaja. Vivyo hivyo na -ki-: nikifika, ukifika, akifika, lori likifika, mvua ikifika. Kila mara mtendaji amebandikwa mbele ya kitenzi, hata kama kishazi kinachofuata kinamzungumzia mwingine kabisa. Ndiyo maana mtu wa Kisumu anaweza kusema "Nikivuka barabara pale Kondele, matatu ilipiga honi" na kila msikilizaji akajua kwamba aliyevuka ni msemaji na iliyopiga honi ni matatu. Viima viwili, yaani watendaji wawili, kila mmoja na kishazi chake, na hakuna mgongano.

Sasa kichunguze kitenzi "arriving". Ndani yake mna "arrive" na kiambishi -ing, basi. Hamna mimi, wewe wala yeye. Kishazi cha namna hii, ambacho vitabu vya sarufi ya Kiingereza hukiita "present participle clause", hakina kiima chake, kwa hiyo hulazimika kukopa. Na kinapokaa mwanzoni mwa sentensi, hukopa kwa jirani mmoja tu: kiima cha kishazi huru kinachofuata koma. Msomaji aliyezoea Kiingereza akikutana na "Arriving at Luanda," hukiweka kitendo hicho mkononi na kungoja kiima kitokee ili akikabidhi. Katika sentensi yako kiima kilichotokea ni "the road". Basi iliyofika Luanda ni barabara. Wewe uliyesafiri humo hata hutajwi. Neno aliloandika meneja wako maana yake ni hiyo tu: kishazi kinaning'inia, hakina mwenyewe wa kukishika.

Kwa hiyo hukukosea kwa uzembe. Umeandika Kiingereza ukiwa na imani ya Kiswahili kwamba kitenzi hakitoki nyumbani bila mtendaji wake. Nimesahihisha maandishi ya watu wengi wa huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Busia, na naweza kusema bila kusita kwamba hili ni miongoni mwa makosa yanayoonekana sana kwa watu ambao Kiingereza chao kwa jumla ni kizuri.

Wapo watakaosema, kama yule mwenzako, kwamba ujumbe umefika. Kwa sentensi ya Luanda nakubaliana naye nusu. Hakuna mtu timamu atakayedhani barabara ilisafiri. Lakini tuitazame ile ya pili, ambayo ni nzito kuliko ulivyodhani. "Having been sprayed with the wrong chemical, the farmer lost all his tomatoes." Kiima ni "the farmer". Kwa hiyo aliyepuliziwa dawa isiyofaa ni mkulima. Mtu kunyunyiziwa dawa ya mimea si jambo lisilowezekana, hutokea. Meneja anayesoma Kisumu hakuwa nawe shambani. Ana haki ya kuuliza: mkulima huyu alipelekwa hospitali? Ana nafuu? Mbona ripoti inataja nyanya peke yake? Hapo mtindo haumo. Sentensi imesema jambo ambalo halikutokea, na imelisema kwa namna ya kuaminika.

Unaweza kuirekebisha hivi: "Having been sprayed with the wrong chemical, the tomatoes withered, and the farmer lost the whole crop." Kiima sasa ni "the tomatoes", na nyanya ndizo zilizopuliziwa. Sarufi imetulia. Hata hivyo, mimi ningekuwa wewe nisingeiacha hapo. Isome tena uone kisichosemwa: nani alipulizia? Mkulima mwenyewe? Kibarua wake? Au ni afisa wa shirika lenu aliyemwonyesha dawa hiyo? Katika ripoti ya hasara, hilo ndilo swali la kwanza, na kishazi cha -ing kimelificha kwa adabu kubwa. Andika waziwazi: "The farmer's labourer sprayed the tomatoes with the wrong chemical, and the whole crop was lost." Sentensi haina madoido, lakini kila kitendo kina mwenyewe. Kanuni yangu ni hii: pale ambapo kuna lawama, fedha au ajali, usitumie kishazi kisicho na kiima. Mpe kila mtu kitenzi chake.

Tuje kwa rafiki yako anayekukataza kabisa kuanza sentensi na -ing. Amekosea, ingawa namwelewa. Ameona watu wakiumia na akaamua kuufunga mlango wote. "Arriving at Luanda, I found the road flooded" ni Kiingereza safi. Aliyefika ni mimi, aliyekuta maji ni mimi. Njia nyingine ni kukipa kishazi cha kwanza kiima chake: "When I arrived at Luanda, the road was flooded." Hapa "when I arrived" inafanya kazi ile ile ya "nilipofika", na kwa hiyo unaweza kubadilisha kiima baada ya koma upendavyo. Kati ya hizo mbili, kwa ripoti ya kazi ningechagua ya pili, kwa sababu habari yenyewe inahusu barabara na si wewe. Katika barua au masimulizi, ya kwanza ina mwendo mzuri zaidi.

Kuna mtego mmoja wa maofisini ambao lazima niutaje. Wengi wetu tuliambiwa ripoti rasmi haitumii "I" wala "we". Mtu akitii hilo huku akipenda vishazi vya -ing, huishia kuandika "Arriving at Luanda, it was observed that the road was flooded", au "Visiting the farms, there was a shortage of seed." Viima hapo ni "it" na "there", vijineno ambavyo havina miguu ya kufika popote. Kosa ni lile lile, limevaa suti tu. Kama huruhusiwi kujitaja, tumia nomino: "On arrival at Luanda, the team found the road flooded." Au mtaje afisa: "the field officer found".

Na walimu wako wa shule je? Hawakukudanganya. Katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, kuna zoezi la kuandika upya sentensi bila kubadilisha maana, na mwanafunzi huweza kuambiwa aanze na "Having" au "Being". Kulijua umbo hilo ni ujuzi wa kweli. Shida ni kwamba sentensi mbili unazopewa kuziunganisha mara nyingi huwa na kiima kimoja, "She finished the exam. She went home", kwa hiyo ukiziunganisha hakuna kinachoning'inia. Ulijifunza umbo katika mazingira salama. Hukupata nafasi ya kukutana na hatari yake mpaka ulipoanza kuandika mambo yako mwenyewe, ambamo barabara, mvua, nyanya na watu huchanganyika.

Jina lenyewe, "present participle", limepotosha wengi pia. Hilo "present" halihusu wakati uliopo. Kishazi cha -ing hakina wakati wake, kama kisivyo na kiima chake. Vyote viwili hukopa kwa kishazi huru. "Walking home, I met the chief" ni jana, "Walking home, I will buy bread" ni baadaye, umbo halikubadilika. Kinachobebwa na -ing ni uhusiano: vitendo viwili vinatokea pamoja, au kimoja kinafuata kingine papo hapo, kama "Opening the gate, she let the cows out." Ikiwa kitendo cha kwanza kilikamilika zamani kabla ya cha pili, -ing peke yake haitoshi. Mtu aliyesomea chuo cha kilimo cha Bukura kisha akafanya kazi Busia kwa miaka 6 hawezi kuandika "Finishing my diploma at Bukura, I worked in Busia for six years." Aandike "Having finished my diploma", kwa maana ya "baada ya kumaliza". Uliitumia "having" vizuri kwa upande huo. Kilichokukwaza ni kiima tu.

Vishazi hivi vikikaa mwishoni mwa sentensi, mara nyingi huonyesha matokeo. "Nakuru became a city in December 2021, joining Nairobi, Mombasa and Kisumu." Nzuri. "The railway reached the lake in 1901, opening Kisumu to new trade." Nzuri pia. Na hapa kanuni ya kukopa hulegea kidogo. Ukiandika "The bridge was washed away, forcing farmers to carry their milk on foot", kilichowalazimisha wakulima ni tukio zima la kusombwa, si daraja kama daraja. Waandishi makini wa Kiingereza huandika hivyo kila siku na hakuna anayewalaumu. Kwa hiyo ugonjwa wa kuning'inia unauma zaidi mwanzoni mwa sentensi kuliko mwishoni.

Ila mkia huo wa mwishoni una hatari yake, na kwa mtu wa ripoti nadhani ni kubwa kuliko inavyosemwa. Soma hii: "The farmers planted the new seed, increasing the harvest." Inapita vizuri ulimini. Lakini imedai kwamba mbegu mpya ndiyo iliyoongeza mavuno. Una uhakika? Labda mvua ya msimu huo ilikuwa nzuri. Labda walipata mbolea. Kishazi cha -ing kimeingiza madai ya sababu na matokeo bila wewe kulipa ushahidi, na mfadhili akiisoma ataichukua kama umethibitisha. Kama unajua tu kwamba mambo mawili yalitokea, sema mawili: "The farmers planted the new seed, and the harvest increased." Kama una ushahidi, uweke mezani. Chunguza hasa vile vitenzi vinavyopenda kukaa mkiani: "showing", "proving", "leading to".

Koma nayo haichezewi. "Farmers using certified seed harvested more" inawahusu wale tu wanaotumia mbegu zilizoidhinishwa. Kishazi kinafanya kazi ya "wanaotumia". "The farmers, using certified seed, harvested more" inasema wakulima wote unaowazungumzia walizitumia. Koma mbili zimebadilisha idadi ya watu. Na ukitumia -ing kwa kazi hii ya "wanao-", kumbuka inafaa kwa hali inayoendelea au mazoea. Mwizi aliyeiba mbuzi usiku mmoja na kukamatwa wiki iliyofuata si "the man stealing the goats". Huyo ni "the man who stole the goats".

Kuna woga mmoja ambao hukuutaja lakini naushuku, kwa kuwa ni wa wengi. Tuliambiwa "I am knowing" na "I am having a phone" ni makosa, tukaogopa "knowing" na "having" popote yalipo. Usiogope. Katika kishazi cha namna hii yanaruhusiwa kabisa: "Knowing the road, the driver turned back." Ukanushi wake ni "not" mbele ya kitenzi: "Not having a phone, he could not call us."

Sasa "Being that the rains delayed". Utaisikia kwa wasemaji wengine wa Kiingereza hata ng'ambo, na si mpya, lakini katika maandishi rasmi haikubaliki na itakugharimu alama kwenye mtihani wa usaili. Iache leo. Andika "Because" au "Since". Na kwa kuwa tumefika hapo, "the rains delayed" nayo ni Kiingereza cha kwetu. Kwa msomaji wa nje andika "the rains were late" au "the rains were delayed". Usiichanganye na umbo jingine ambalo ni sahihi, lile ambalo kishazi cha -ing hupewa kiima chake mwenyewe: "The rain having stopped, we continued", au "It being a Monday, the clinic was full." Hapo hakuna kuning'inia, maana mwenyewe yupo. Lakini yana harufu ya mahakama na vitabu vya zamani, na ukiyarudia mara tatu katika ukurasa mmoja yatachosha. Lililo jepesi na zuri zaidi ni kutumia "with": "With the river rising, we turned back." Hilo litakufaa sana kwenye ripoti za msimu wa mvua.

Wakati mwingine utaona sentensi inaning'inia na hakuna anayelalamika. "Considering the distance, the price is fair." "Judging from the leaves, the maize lacks nitrogen." Maneno kama "considering", "regarding", "including" na "following" yamekaa sana katika kazi ya vihusishi hata wasomaji hawayatafutii tena mtendaji. Kwa "using" watu wamegawanyika. "The soil was tested using a field kit" imejaa katika maandishi ya kisayansi, na mimi naikubali. "Using a field kit, the soil was tested" wahariri wakali wataikata, na kwa sababu hujui msahihishaji wako wa usaili ni wa kundi gani, andika "with a field kit" uwe salama.

Kwa maandalizi ya mwezi ujao, nakushauri kazi moja tu. Chukua ripoti zako za zamani, tafuta kila sentensi inayoanza na kitenzi cha -ing, weka kidole kwenye neno la kwanza baada ya koma na ujiulize kama huyo ndiye aliyetenda. Fanya hivyo hata kwa zinazoanza na "while", "after" na "before", kwa sababu "After eating the maize, the farmer chased the cows" ina ugonjwa ule ule. Mkulima ndiye aliyekula mahindi. Ukipata jibu la hapana, badilisha kiima au weka "when I", "after we", "because they". Ndani ya mtihani wenyewe, ukiwa na haraka na hujui, tumia kishazi chenye kiima. Hakuna msahihishaji atakayekukata alama kwa sentensi iliyo wazi.

Mengine hayawezi kutatuliwa kwa maandishi kama haya. Kama baada ya zoezi hilo bado huoni tofauti, au ripoti zinaendelea kurudi na wino bila maelezo, tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana: mwalimu wa Kiingereza wa sekondari iliyo karibu nawe, au mtu wa idara ya lugha pale Maseno au Masinde Muliro, vyuo ambavyo haviko mbali na Vihiga. Kusoma pamoja kwa sauti kutafichua mengi ambayo jicho lako limezoea kuyaruka. Na barua ya nidhamu, taarifa ya ajali au maelezo yoyote yanayoweza kufika polisi au mahakamani, usiyatume kabla mtu wa pili hajayasoma.

Meneja wako pia muulize. Mtu aliyetenga muda kupigia mstari sentensi mbili zilizo na kosa moja anaijua lugha na anakujali, hata kama alieleza kwa neno moja. Mpelekee sentensi ya nyanya ikiwa imeandikwa upya kwa njia mbili nilizokupa, umwulize shirika linapendelea ipi na kama mnaruhusiwa kuandika "I". Unapomwendea yeye au mwalimu, chukua ile nakala yenye wino mwekundu, si nakala safi.